Ukaguzi wa Hesabu: Hati Safi Inasema Nini, na Wapi Inanyamaza

Swali lifuatalo hukosewa na wanafunzi wengi, na si kwa ugumu wake.

"Mkaguzi wa nje ametoa hati inayoridhisha kwa taarifa za fedha za chama cha akiba na mikopo. Mwanachama mmoja amesema: Sasa tuna hakika hakuna hata senti moja iliyoibwa. Jadili kauli hiyo."

Wengi huanza kwa kumuunga mkono mwanachama huyo, kisha hujaza nusu ukurasa wakimsifu mkaguzi: ni mtaalamu, ni mwaminifu, amesoma sana. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na bado jibu likakosa alama, kwa sababu kauli yenyewe si sahihi. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili wakaandika kwamba ukaguzi ni kupoteza fedha kwa kuwa wizi upo palepale. Nao wamekosa. Unatakiwa ueleze kwa nini mwanachama amekosea, bila kumfanya mkaguzi aonekane hana kazi.

Mtihani wako utauandika kwa Kiingereza, na istilahi za Kiingereza unazo kwenye kitabu cha kiada. Hapa ninatumia Kiswahili kwa makusudi. Mwanafunzi aliyeelewa jambo kwa lugha anayonunulia nyanya sokoni haliachi tena. Aliyekariri fasili peke yake huiangusha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Kwa nini mkaguzi anahitajika

Mfikirie mama lishe wa Tandika. Anapika mwenyewe, anauza mwenyewe, jioni anahesabu fedha mwenyewe. Huyu hahitaji mkaguzi wa hesabu. Akikosea kujumlisha, amejikosea.

Sasa fikiria chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 400 pale Mbagala. Chama hiki ni cha kufikirika, lakini tutatembea nacho karibu mada nzima, kwa hiyo kikariri. Wanachama wake ni wauza mitumba, mafundi cherehani, madereva wa bodaboda na walimu wachache. Kila mmoja anaweka akiba kila mwezi. Wanaozishika fedha hizo ni watu wanne au watano: mwenyekiti, meneja, mhasibu, karani wa mikopo. Mwaka ukiisha, meneja na mhasibu wanaandaa taarifa za fedha na kuwaambia wanachama: tumekusanya kiasi hiki, tumekopesha kiasi hiki, ziada yetu ni hii.

Unaona tatizo? Wanaotoa taarifa ndio haohao walioshika fedha. Fundi aliyeko kwenye cherehani yake hana muda wala ujuzi wa kupekua leja. Anahitaji mtu wa tatu asiye na maslahi katika chama, anayejua uhasibu, aingie, apekue, kisha aseme anaonaje. Mtu huyo ndiye mkaguzi wa nje.

Kwa hiyo fasili yetu: ukaguzi wa hesabu ni uchunguzi huru wa taarifa za fedha na kumbukumbu zinazozitegemeza, unaofanywa na mtu mwenye sifa, ili atoe maoni yake iwapo taarifa hizo zinaonesha hali ya fedha ya taasisi kwa haki, kwa mujibu wa kanuni za uhasibu zinazotumika. Pigia mstari neno huru na neno maoni. Mkaguzi anayekula mshahara wa meneja hayuko huru, na mkaguzi hatoi kiapo wala dhamana, anatoa maoni.

Zingatia pia jambo ambalo kila mwaka naliona likigeuzwa juu chini: taarifa za fedha si kazi ya mkaguzi. Kuziandaa, kutunza vitabu, kuweka udhibiti wa ndani na kuzuia wizi ni wajibu wa uongozi. Mkaguzi anakuta chakula kimeshapikwa. Yeye anaonja na kusema. Akishiriki kupika, hawezi tena kuonja kwa haki.

Nani anamkagua nani

Fedha za umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye magazeti na redio humwita CAG. Cheo chake kimewekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na kazi zake zimefafanuliwa katika Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418. Halmashauri za manispaa za Kinondoni na Temeke ziko chini ya jicho lake, na wizara na mashirika ya umma pia. Mwaka wa fedha wa Serikali unaishia 30 Juni. Ripoti ya ukaguzi humfikia Rais kufikia 31 Machi ya mwaka unaofuata, kisha huwasilishwa bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita maofisa wahusika na kuwahoji. Ndiyo maana kila Aprili mwalimu wako wa uraia ana habari mpya za kusimulia.

Vyama vingi vya ushirika hukaguliwa na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Makampuni binafsi hukaguliwa na ofisi binafsi za wakaguzi waliosajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mkaguzi wa ndani ni mtu mwingine kabisa. Yeye ni mwajiriwa wa taasisi, anafanya kazi mwaka mzima, na anawasaidia viongozi kuona matundu kabla maji hayajaingia. Usimchanganye na mkaguzi wa nje.

Viwango vya ukaguzi

Kama kila mkaguzi angekagua anavyojisikia, hati ya mmoja isingelingana na hati ya mwingine. Mmoja angepekua vocha 10, mwingine 1,000, na wote wangeandika sentensi ileile. Kwa sababu hiyo kuna Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi. Tanzania, kupitia NBAA, ilianza kuvitumia rasmi tarehe 1 Julai 2004, pamoja na viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha. Hapa shika tofauti: viwango vya taarifa za fedha humwongoza mhasibu anayeandaa, viwango vya ukaguzi humwongoza mkaguzi anayechunguza.

Huna haja ya kukariri namba zote, lakini chache zitakusaidia. Kiwango namba 200 kinaeleza lengo la ukaguzi na mipaka yake. Namba 240 inahusu udanganyifu. Namba 500 inahusu ushahidi, na namba 505 inahusu uthibitisho kutoka nje, yaani mkaguzi kuwasiliana moja kwa moja na benki, mdaiwa au mdai badala ya kuliamini daftari la taasisi. Namba 570 inahusu uwezo wa taasisi kuendelea na shughuli zake. Namba 700 na 705 zinahusu hati yenyewe.

Ndani ya viwango hivyo kuna takwa moja ambalo ndilo roho ya kazi: wasiwasi wa kitaaluma. Mkaguzi haingii akidhani kila mtu ni mwizi, wala haingii akidhani kila mtu ni malaika. Anauliza, anaomba ushahidi, na majibu mawili yasipopatana haendelei mpaka ajue kwa nini.

Wazo hili halikuzaliwa limekamilika. Mwaka 1896, huko Uingereza, mahakama iliamua kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston. Meneja alikuwa ametia chumvi kiasi na thamani ya pamba iliyobaki ghalani, mwaka baada ya mwaka, na wakaguzi wakakubali cheti chake bila kwenda kuangalia. Mahakama haikuwatia hatiani. Ilimfananisha mkaguzi na mbwa anayelinda nyumba, si mbwa anayenusa nyayo za mhalifu. Wanafunzi huupenda mfano huo na kuuandika kila mahali, lakini angalieni tarehe yake. Siku hizi Kiwango namba 501 kinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu bidhaa zilizobaki pale thamani yake inapokuwa kubwa katika taarifa. Mkaguzi wa leo anayepokea cheti cha meneja na kwenda zake atapata shida kujitetea. Mbwa ni yuleyule wa ulinzi, ila sasa anatakiwa azunguke uani.

Uhakika wa kuridhisha: tuhesabu

Kiwango namba 200 kinasema mkaguzi anatafuta uhakika wa kuridhisha kwamba taarifa za fedha, zikitazamwa kwa ujumla wake, hazina kosa kubwa, liwe limetokana na udanganyifu au bahati mbaya. Uhakika wa kuridhisha ni uhakika wa kiwango cha juu. Si uhakika kamili. Maneno haya husomwa haraka haraka na kupita, kwa hiyo tuyatie namba.

Rudi kwenye chama chetu cha Mbagala. Mali zake zote ni Sh 400,000,000. Kati ya hizo, mikopo iliyoko mikononi mwa wanachama ni Sh 320,000,000, na idadi yake ni mikopo 400.

Kwanza mkaguzi anaamua kosa la ukubwa gani linaweza kubadili uamuzi wa msomaji wa taarifa. Kosa la Sh 3,000 halimbadilishi mtu. Tuseme ameweka kipimo cha asilimia 2 ya mali zote: 2% × 400,000,000 = Sh 8,000,000. Asilimia hiyo haiko katika sheria yoyote. Ni uamuzi wake kulingana na taasisi. Makosa ambayo jumla yake iko chini ya hapo, kwa kawaida, hayataharibu hati.

Pili, hawezi kupekua mikopo yote 400, kwa hiyo anachukua sampuli ya mikopo 50 bila kuchagua kwa upendeleo. Jumla yake ni Sh 40,000,000. Anafungua mafaili, anaangalia fomu za maombi, wadhamini na marejesho, anawapigia wakopaji. Anakuta mikopo kadhaa imeandikwa zaidi ya salio halisi, jumla ya ziada ikiwa Sh 600,000. Kiwango cha kosa katika sampuli ni 600,000 ÷ 40,000,000 = 1.5%. Akikipeleka kwenye mikopo yote anapata 1.5% × 320,000,000 = Sh 4,800,000. Hii ni chini ya Sh 8,000,000. Anamtaka mhasibu asahihishe makosa yaliyoonekana, na kama sehemu nyingine ziko sawa, anatoa hati inayoridhisha. Amefuata viwango. Hajakosea kitu.

Tatu, tuseme jambo ambalo mkaguzi halijui. Karani wa mikopo ametengeneza wanachama hewa 4, kila mmoja "amekopa" Sh 2,500,000. Jumla ni Sh 10,000,000, kiasi kinachozidi kipimo cha mkaguzi. Kuna uwezekano gani kwamba sampuli ya mikopo 50 haikugusa hata mmoja wa hiyo minne?

Hii ni mada yako ya uwezekano katika Hisabati, imekuja kukutembelea. Mkopo mmoja hewa kubaki nje ya sampuli ni 350/400, yaani 7/8. Yote minne kubaki nje ni takriban 7/8 × 7/8 × 7/8 × 7/8 = 2,401/4,096, karibu 0.59. (Ukihesabu kwa usahihi zaidi, 350/400 × 349/399 × 348/398 × 347/397, unapata 0.58.) Kwa maneno mengine, kwa sampuli hii peke yake, wizi una nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko kukamatwa.

Ongeza sampuli iwe mikopo 100. Sasa ni 3/4 mara nne, yaani 81/256, karibu 0.32. Hali imeboreka, na gharama na muda vimeongezeka maradufu. Ili uwezekano ufike sifuri lazima apekue yote 400, na kazi hiyohiyo aifanye kwenye akiba, matumizi, mishahara na benki. Ada itakula ziada ya chama, na ripoti itatoka wakati wanachama wameshasahau mwaka wenyewe.

Usiishie hapo, kwa sababu mkaguzi mzuri hategemei bahati nasibu ya sampuli tu. Anaitoa mikopo yote mikubwa na kuipekua mmoja mmoja. Anaangalia mikopo iliyotolewa siku za mwisho wa mwaka. Analinganisha idadi ya wanachama kwenye rejesta na idadi ya wanaolipa akiba, na mwanachama anayekopa bila kuwahi kuweka akiba anajitokeza kama punda kwenye kundi la mbuzi. Mbinu hizi ndizo zinazoishusha ile 0.58. Haziifikishi kwenye sifuri.

Na hata angepekua yote 400, bado kuna ukuta. Karani anaweza kuwa ameweka fomu zenye picha na alama za vidole, na namba za simu za wanachama hewa zikawa laini zake mwenyewe. Mkaguzi akipiga, sauti inajibu: "Ndiyo, mkopo ni wangu." Meneja akiwa ndani ya njama, hata udhibiti wa ndani unageuka kivuli. Mkaguzi wa hesabu hana mamlaka ya polisi ya kupekua nyumba, hana hati ya kukamata simu ya mtu, wala si mtaalamu wa kutambua saini za kughushi. Viwango vinamruhusu kuichukua hati kuwa halisi mpaka atakapoona sababu ya kuitilia shaka.

Mpaka mwingine unatoka kwenye uhasibu wenyewe. Tarakimu nyingi za kwenye mizania si za kuhesabiwa, ni za kukadiriwa. Gari la chama litadumu miaka mitano au minane? Mikopo mingapi haitalipika? Mhasibu anakadiria, na mkaguzi anasema kama makadirio yana mantiki. Wote wawili hawawezi kuijua kesho ya fundi aliyekopa.

Kisa cha akaunti ya EPA

Sasa tutoke kwenye chama cha kufikirika, twende kwenye tukio la kweli. Umri wako unafanya uwe umelisikia kwa wakubwa tu.

Miaka ya 1970 na 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Wafanyabiashara waliingiza bidhaa kutoka nje na kulipa kwa shilingi hapa nchini, lakini wauzaji wa nje hawakupata dola zao. Madeni hayo yalirundikana. Yakawekwa katika Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, iliyosimamiwa kwanza na Benki ya Taifa ya Biashara, na tangu 1985 na Benki Kuu ya Tanzania. Baadhi ya wadai wa nje waliruhusiwa kuhamisha haki ya kudai kwa kampuni nyingine. Kampuni ya hapa nchini ingeweza kufika na hati inayosema: mdai fulani wa ng'ambo amenihamishia deni lake, nilipeni mimi.

Katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa kutoka akaunti hiyo jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 133. Malipo hayo yalipotiliwa shaka ulifanyika ukaguzi maalumu, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Ernst & Young. Januari 2008 Ikulu ilitangaza matokeo yake. Kati ya fedha hizo, zaidi ya shilingi bilioni 90 zililipwa kwa kampuni 13 zilizotumia nyaraka na kumbukumbu za kughushi. Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana wa wakati huo, Daudi Ballali. Kesi zilifunguliwa, na baadhi ya washtakiwa walihukumiwa kifungo katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu.

Kitazame kisa hiki kwa macho ya mkaguzi. Kila malipo yalikuwa na karatasi nyuma yake. Mtu akiomba vocha, vocha ipo. Akiomba hati ya kuhamisha deni, nayo ipo, ina saini na muhuri. Mwanafunzi anayejua kwamba ukaguzi ni "kuangalia kama kila malipo yana stakabadhi" angepitisha shilingi bilioni 90. Ushahidi wenye nguvu haukuwa ndani ya faili. Ulikuwa ng'ambo, kwa mdai wa asili: je, ni kweli ulihamisha deni lako kwa kampuni hii? Hilo ndilo somo la Kiwango namba 505, na ndiyo sababu ushahidi unaotoka moja kwa moja kwa mtu wa nje huaminiwa kuliko ushahidi uliopita mikononi mwa anayekaguliwa.

Kisa hiki pia kinakupa tofauti inayopendwa na watunga mitihani. Ukaguzi wa kawaida wa mwaka unauliza: je, taarifa za fedha kwa ujumla zinaonesha hali halisi? Ukaguzi maalumu unaanza na shaka iliyokwisha kutajwa, unashika akaunti moja, unaichimba mpaka chini, na unaweza kupekua malipo yote bila sampuli. Usiutarajie ukaguzi wa kwanza utoe majibu ya wa pili. Umbali kati ya kile wananchi wanachodhani mkaguzi anafanya na kile viwango vinachomtaka afanye huitwa pengo la matarajio, na mwanachama wa swali letu la mwanzo alikuwa amesimama katikati ya pengo hilo.

Kuisoma hati

Hati ziko za aina nne. Hati inayoridhisha, ambayo mitaani huitwa hati safi, ina maana mkaguzi ameridhika kwamba taarifa hazina kosa kubwa. Hati yenye shaka ina maana taarifa ziko sawa isipokuwa katika jambo moja au machache yanayotajwa. Hati isiyoridhisha inatolewa pale makosa ni makubwa na yameenea kiasi kwamba taarifa nzima inapotosha. Ya nne ni pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kwa kuwa hakupata ushahidi: vitabu vimeungua, kompyuta imefutwa, mafaili hayaonekani. Magazeti huziita hizi mbili za mwisho hati chafu bila kuzitenganisha. Wewe zitenganishe: katika isiyoridhisha mkaguzi ameona na anasema ni mbaya, katika ya nne hakuona.

Vitabu vya zamani vinaonesha maoni ya mkaguzi yakiwa mwishoni mwa ripoti. Kwa miaka ya fedha iliyoishia 15 Desemba 2016 na kuendelea, Kiwango namba 700 kinataka maoni yawe mwanzoni. Ukikuta ripoti halisi, anzia juu.

Majirani zetu wa Kenya wanatupa mifano miwili iliyopishana miezi sita tu. Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi, baada ya wakurugenzi wenyewe kufichua udanganyifu uliodumu kwa miaka mingi. Benki hiyo ilikuwa na hesabu zilizokaguliwa na kuonesha faida, na ilikuwa imetoka kukusanya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa kuuza hatifungani. Walionunua waliziamini hesabu hizo. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank, lakini kwa mlango tofauti: mkaguzi alitoa hati yenye shaka, na hesabu zilizorekebishwa zikaonesha mikopo kwa watu wa ndani ya benki ikiwa zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya, mingi kuliko ilivyotangazwa awali. Wateja waliposikia walikimbilia fedha zao, na benki ikafungwa ndani ya siku chache. Mfano wa kwanza unaonesha mpaka wa ukaguzi. Wa pili unaonesha uzito wake, kwa sababu bila ile hati watu wangeendelea kuweka akiba zao mahali palepale.

Jambo moja zaidi kabla ya maswali. Hati safi haisemi kwamba fedha zimetumiwa kwa busara. Halmashauri inaweza kununua madawati kwa bei ya juu kuliko sokoni, ikayaandika vizuri kwenye vitabu, ikapata hati safi. Kama fedha zilitumika kwa tija ni swali la ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG huufanya na kuutolea ripoti zake peke yake.

Maswali ya kujipima

1. Rudi kwenye swali la mwanzo wa mada. Lijibu kwa aya tatu. Katika aya ya kwanza eleza hati inayoridhisha inathibitisha nini. Katika ya pili toa angalau mipaka mitatu ya ukaguzi, kila mmoja na mfano kutoka kwenye chama cha Mbagala. Katika ya tatu eleza kwa nini chama bado kinahitaji mkaguzi.

2. Chama kina mikopo 200 na mkaguzi anapekua 50. Mikopo hewa ni 3. Kokotoa, kwa takriban, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja wa mitatu hiyo ulioingia kwenye sampuli. Kisha taja mbinu mbili zisizo za sampuli ambazo zingemsaidia mkaguzi kuibaini. (Jibu la sehemu ya kwanza: 27/64, karibu 0.42.)

3. Mkaguzi wa kampuni moja ya Chang'ombe anaombwa na mkurugenzi amsaidie kuandaa mizania, kisha aikague mwenyewe kwa ada nafuu. Mshauri mkaguzi huyo, ukitaja kanuni inayovunjwa.

4. "Malipo haya ni halali kwa sababu yana vocha, saini mbili na muhuri." Ukitumia kisa cha akaunti ya EPA, eleza ushahidi gani zaidi ungeutafuta, ungeutafuta kwa nani, na kwa nini ushahidi huo una nguvu kuliko muhuri.

5. Moto umeteketeza ofisi ya chama siku tatu kabla ya mkaguzi kufika. Leja, vocha na mafaili ya mikopo vimeungua, na nakala hazipo. Mwenyekiti anamwomba mkaguzi atoe hati isiyoridhisha "ili mambo yaishe." Eleza kwa nini hiyo siyo hati inayofaa, na mkaguzi aandike nini badala yake.